Mafuta ya Gari la Pranlal

Gari la Pranlal lilianza kelele zake mwanzoni mwa msimu wa mahindi, mwaka wa 1912, na lilichagua mahali pabaya pa kuanzia: pale njia itokayo Kakuyuni inapopinda kulia kuingia mtaa wa maduka wa Malindi, mbele ya wauza tambuu na watu wasio na kazi. Lilipokwenda moja kwa moja halikusema kitu. Kitsao alipowavuta punda kulia, gurudumu likatoa mlio, ko, ko, ko, kama mtu avunjaye nazi kwa hasira. Punda wakashtuka, gunia la juu likateleza, na mmoja wa wale wasio na kazi akauliza kama Bwana Pranlal siku hizi anauza madafu.

Kitsao hakucheka. Gari halikuwa lake, punda hawakuwa wake, na mahindi hayakuwa yake. Chake kilikuwa ile kazi ya kuliendesha, na siku zile kazi ilikuwa na thamani kuliko mshahara wake. Mramba, mzee wa serikali wa Kakuyuni, alikuwa akiagizwa kila mara apeleke wanaume kwenye shamba la mpira ng'ambo ya mto Sabaki. Mwenye kazi mjini aliachwa. Asiye na kazi aliambiwa afunge mkeka wake.

Kadii, mkewe Kitsao, alilijua shamba lile bila kulitia mguu. Kaka yake Menza alikwenda huko akiwa na kifua cha kubebea magogo, akarudi akikohoa, na mahindi ya mwaka ule yaliivia juu ya kaburi lake. Kwa hiyo Kitsao alipofika nyumbani jioni na gari, likalia pale kwenye kona ya kuingilia uani, na watoto wa jirani wakaanza kuimba ko, ko, ko, Kadii aliacha kupepeta akasimama wima.

"Limeanza lini hilo?"

"Leo."

"Bwana kasikia?"

"Mtaa mzima umesikia," akasema Kitsao. "Bwana ana masikio kama wengine."

*

Pranlal alikuwa mtu mwembamba, mwepesi wa kusema na mzito wa kutoa. Duka lake alilirithi kwa babake, na pamoja na duka alirithi sharti moja la mama yake, Bibi Labhuben: gari lile lisipakwe mafuta ya mnyama yeyote, kwa kuwa ndilo lililobeba nafaka ya kuliwa nyumbani, na ndilo lililompeleka yeye kwenye nyumba ya ibada siku za mfungo wao. Mafuta ya gari yalikuwa ya nazi, na yalitoka kwenye pipa la dukani. Kitsao aliyapaka kila asubuhi, na kila adhuhuri jua liliyayeyusha yakadondoka njiani.

"Mbao zimekauka," Pranlal alisema alipoliona gari. "Kalilaze majini."

Maji yalipojaa, Kitsao akaliingiza gari baharini, akaliacha magurudumu yanywe. Wachuuzi wa samaki walimwuliza kama punda wake wameshindwa na nchi kavu. Kesho yake mbao zilikuwa zimevimba vizuri, na gari likapita mtaani kimya, mpaka lilipopinda kulia.

"Basi ni ile pete ya chuma ya gurudumu. Imelegea. Mpelekee fundi Bwanaheri."

Magurudumu yakavuliwa, yakavingirishwa mpaka kwa mhunzi. Fundi Bwanaheri alizitia pete motoni, akazibana upya, akayarudisha magurudumu yakiwa mazuri kuliko siku yalipozaliwa. Ujira wake Pranlal aliukata kwenye mshahara wa Kitsao, akisema aliyelitumia ndiye aliyelivunja. Kitsao akaitikia ndiyo. Akapakia magunia, akaondoka, na hata tambuu zilikuwa hazijatemwa gari likalia tena palepale.

Safari hii Pranlal hakutoa shauri. Alisimama mlangoni mwa duka na kanzu yake nyeupe.

"Kitsao, mahindi yale nimeyaahidi shamba la mpira, ya kulisha vibarua wao. Mzungu wao hataki hadithi za gurudumu. Gari likikwama mtoni, mimi nimekwisha. Nitakodi la mtu mwingine, na hili litakaa."

"Na mimi, Bwana?"

"Na wewe utakaa," akasema Pranlal, akaingia ndani.

*

Asubuhi moja, gari likiwa Kakuyuni, Kadii alimwambia mumewe alizungushe uani. Mavyaa yake, Bibi Kabibi, mama yake Kitsao, alikuwa ameketi akipukuchua mahindi, akawatazama kama mtu atazamaye ngoma asiyoijua.

"Pinda kushoto," Kadii akasema.

Kimya.

"Sasa kulia."

Ko, ko, ko.

"Shusha magunia, upinde tena."

Likalia, lakini kidogo. Kadii akatembea ubavuni, mkono wake ameuweka juu ya kitovu cha gurudumu la kushoto, na mlio ule ukamgonga kiganjani.

"Ni hili la kushoto. Ukipinda kulia mzigo wote unalielemea. Linapanda, kisha linaanguka."

"Linapanda wapi? Gurudumu halina ngazi."

"Sijui. Najua kuna kitu kikavu humu ndani. Hayo mafuta yenu ya nazi ni ya kupikia wali. Chuma kinataka kitu kizito."

Kitu kizito alikuwa nacho. Lilipofanywa hanga la babake Kitsao, kumaliza matanga, alichinjwa ng'ombe mnono, na mafuta yake Kadii aliyayeyusha akayaweka kwenye kibuyu. Akaenda akakileta. Kitsao alikisogeza kando kile kibuyu.

"Bwana amekataza."

"Bwana amekataza kelele pia. Sasa tumtii lipi?"

Kitsao hakujibu, na katika nyumba ile kutojibu kulihesabiwa kuwa ni kukubali. Kadii alichomoa pini, akalivuta gurudumu nje kiasi, akashindilia mafuta kwa vidole mpaka yakatokeza upande wa pili. Gari lilizungushwa kulia, likazungushwa tena, likanyamaza. Bibi Kabibi alipiga kigelegele. Kadii alifurahi siku ile kuliko alivyofurahi siku ya mahari yake, na alimwambia Kitsao hivyo, wakacheka.

*

Siku iliyofuata ilikuwa ya mfungo wa akina Pranlal. Bibi Labhuben alipanda garini, sinia la matoleo mapajani, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Gari lilipinda kulia bila neno. Pranlal, akiwa mlangoni, alimtikisia Kitsao kichwa cha kuridhika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amwajiri.

Lakini jua la Malindi halimstahi mtu. Lilipopanda, yale mafuta yakaanza kulainika, na harufu yake ikatangulia mpaka soko la samaki, na paka wa soko la samaki wa Malindi hawahitaji kualikwa. Alianza mmoja. Kisha wakawa kundi, wakilifuata gari mikia juu, na gari liliposimama mbele ya nyumba ya ibada, wawili wakarukia kitovu cha gurudumu wakaanza kulamba.

Bibi Labhuben alishuka. Alitazama paka, akatazama gurudumu, akamtazama Kitsao.

"Paka wanalamba nini?"

"Mafuta, Bibi."

"Ya nazi?"

Kitsao alikuwa na ulemavu mmoja: hakujua kusema uongo. Mtu mwingine angesema paka wa siku hizi wana wazimu, jambo likaisha. Yeye aliinamisha kichwa.

"Ya ng'ombe, Bibi."

Yule mama aliliweka sinia chini mchangani, kwa kuwa hakikuwamo tena kitu cha kutolewa. Akarudi nyumbani kwa miguu, peke yake, katika jua lile, akiwa hajala tangu jana. Watu walimpisha njia. Kitsao aliliongoza gari nyuma yake kwa mbali, na paka nyuma ya gari.

"Sikukukataza?" Pranlal alimwuliza. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilimtisha Kitsao kuliko makelele.

"Ulinikataza, Bwana."

"Basi. Nenda kwenu."

*

Kadii alimwona akija kwa miguu, mikono mitupu, akajua kabla hajaambiwa. Kitsao alieleza kwa maneno machache, wala hakutaja kibuyu. Hilo ndilo lililomuuma Kadii. Angetukanwa angejibu, na kujibu kungemsaidia.

"Ni mimi," akasema.

"Ni sisi."

"Kesho nakwenda kwa Bwana. Nitamwambia. Wewe usitoke nje. Mramba akija, mwambie u mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa."

"Kitsao, mtu huugua siku moja tu. Haikuharibii jina."

"Nenda salama," akasema Kitsao, na Kadii hakupata zaidi ya hapo.

Alfajiri alijifunga kiunoni hando lake safi la marinda, akajipaka mafuta mikononi na kichwani kama aendaye kuposa, akashika njia ya Malindi. Njiani alipanga maneno. Alipofika, maneno yote yalimtoka, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limelala ubavu uani mwa duka, gurudumu la kushoto limevuliwa. Kumbe jana ile ile Pranlal aliamuru lisuguliwe kwa maji moto na majivu, akampa hamali wa forodhani aliendeshe. Likiwa kavu hivyo, lilipopinda mara ya kwanza lilipiga mlio wa kutisha, gurudumu likataka kuchomoka, na hamali akaruka akaenda zake. Sasa fundi Bwanaheri alikuwa amechuchumaa kando yake, na Pranlal amesimama nyuma yake. Bibi Labhuben alikuwa barazani akichagua choroko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mke wa Kitsao. Bibi, mume wangu hakupaka yale mafuta. Nilipaka mimi."

Choroko zikaacha kusogea. "Ulijua kwamba tunakataa?"

"Nilijua kuwa hamli. Sikujua kuwa hata gurudumu lenu halili."

Pranlal aligeuka na uso mkali, lakini mama yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Sikiliza, binti," akasema polepole, akitafuta maneno. "Ng'ombe kwetu ni mama. Mimi nimepanda gari, mafuta ya mama yangu chini yangu, sadaka mkononi. Unaelewa?"

Kadii alikuwa amemzika mama yake kwa mikono hii hii. Alielewa kuliko alivyopenda kuelewa, na machozi aliyoyazuia tangu jana yakamtoka. "Nisamehe, Bibi. Nilitaka tu asichukuliwe. Asiye na kazi kwetu anapelekwa kwenye mpira. Kaka yangu alikwenda huko, akafa."

Bibi Labhuben alimtazama. Kisha akavuta pumzi puani, mara mbili, akamshika mkono akaunusa. Kadii alidhani balaa la pili limeingia.

"Umejipaka nini?"

"Mbarika, Bibi. Ni mbegu. Si mnyama, naapa."

"Mbarika," mama akarudia, akasugua vidole vyake vya kizee vikateleza. Akacheka kidogo. "Kwetu Kathiawar, huko Bara Hindi, baba yangu alikuwa na gari la maksai. Gurudumu alilipaka haya haya. Mazito, hayaogopi jua. Pranlal! Wewe umezaliwa dukani, unauza nazi, ukadhani dunia yote inateleza kwa nazi."

"Mama, ni wewe uliyesema nazi."

"Mimi nilisema si mnyama. Nazi ulisema wewe, kwa sababu pipa ni lako."

Fundi Bwanaheri aliinama zaidi asionekane akicheka.

"Hata hivyo mafuta hayatasaidia," Pranlal akasema kwa unyonge. "Chuma cha kati kimeliwa. Kingine kitoke Mombasa, na meli ni mwezi ujao."

Kadii alisogea. Chuma kile kilichoshika magurudumu mawili kilikuwa kimechomoza wazi, na juu yake kilikuwa laini na cha duara.

"Mbona kizima?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama," akasema fundi. "Tia mkono kwa chini."

Kwa chini palikuwa na shimo refu, limechimbwa na mzigo wa miaka katika ukavu wa nazi. Gurudumu lilikaa shimoni humo likienda moja kwa moja. Likipinda, lilisukumwa pembeni, likapanda ukingo, kisha likaanguka. Ko. Hapo ndipo palipokuwa na ngazi aliyoiulizia Kitsao.

"Basi kigeuzeni, cha juu kiwe chini," fundi akaendelea, akijinyoosha mgongo. "Upande huu haujaguswa. Utawatumikia mpaka mchoke nao."

Pranlal alimkodolea macho. "Na kwa nini hukusema wakati ule?"

"Wakati ule mliniletea magurudumu, Bwana, mkaniambia nikaze. Nikakaza. Chuma mlikiacha nyumbani. Wallahi, mimi siulizi habari za asiyekuja."

Walikifungua, wakakigeuza. Fundi alitaka kukata pete ya ngozi ya ng'ombe ili gurudumu lisicheze, akaliona jicho la Bibi Labhuben, akakata pete ya mti wa mkoko. Mbarika ilinunuliwa kwa mwanamke mmoja sokoni, Kadii akaipaka kwa mkono wake, mama mzee akisimamia. Gari likatolewa njiani. Lilipinda kulia mbele ya wauza tambuu, na wale wasio na kazi wakangoja kusikia, wakakosa.

"Mwambie mumeo arudi," Pranlal akasema. "Lakini siku nyingine aulize." Akatazama jua. Mahindi yalikuwa Kakuyuni, na shamba la mpira lilikuwa limeleta mtu tena kuyauliza. "Punda hawa wanakujua?"

"Wanalala kwangu, Bwana."

"Basi lipeleke wewe. Alipakie, kesho alilete."

Kadii alitoka mjini ameketi mbele ya gari, hatamu mkononi. Aliimba njia nzima, na hakuona haya.

*

Bibi Kabibi alikuwa amesimama njiani, mikono kichwani.

"Mramba kaja. Alimwuliza, 'Kitsao, una kazi?' Mimi nikasema mwanangu mgonjwa. Yeye akasema, 'Niliachishwa jana.' Hivyo tu, mwanangu. Kama mtu anayetaja jina lake. Wamekwenda njia ya mto."

Kadii hakushuka. Aliwapiga punda, jambo ambalo Kitsao hakulifanya kamwe, na gari tupu likaruka juu ya mizizi na mawe. Aliwafikia penye dimbwi wanyweshapo ng'ombe. Wanaume walikuwa wameketi kwa safu, kila mmoja na mkeka wake. Kitsao alikuwa wa mwisho. Alipoona gari akasimama.

"Shikamoo, mzee Mramba."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu mtu ana kazi. Gari la Bwana Pranlal hili hapa. Limetengenezwa, na Bwana mwenyewe kasema arudi."

Mramba hakuwa mtu katili. Alikuwa mzee mwenye magoti mabovu, aliyeambiwa kwamba watu wakipungua, pengo litajazwa na wanawe. Aliliangalia gari, akawaangalia punda wanaotoka jasho.

"Nasikia. Na kutoka Malindi nani kaliendesha?"

Kadii akazitazama hatamu mkononi mwake.

"Nakuuliza, mwanangu. Punda hawajileti."

"Mimi."

"Basi gari lina mtu."

"Mimi ni mwanamke, mzee."

"Punda hawakujali." Alisema kwa huzuni, lakini alisema, na tayari alikuwa akiwaashiria wengine wainuke. "Nikimwacha huyu, itanibidi nitafute mwingine kabla ya mto. Niambie nimchukue wa nani, nami nitamwacha."

Kadii alifungua kinywa. Aliwajua wanaume wote wa Kakuyuni, na wake zao, na watoto wao waliomwimbia ko, ko, ko. Alimchukia Mramba kwa swali lile kuliko kwa lolote jingine, na hakutaja mtu.

Kitsao alisogea akalishika gurudumu la kushoto, akalitikisa. Halikucheza.

"Lilikuwa nini?"

"Chuma cha kati. Kimeliwa kwa chini. Tumekigeuza."

"Kwa chini," akasema Kitsao, akatikisa kichwa. "Na mafuta?"

"Mbarika."

Mramba alikohoa. Kitsao akaokota mkeka wake. "Punda huyu wa kushoto usimpige tena. Ukimpiga mtelemkoni atasimama, na gari litampanda."

"Sitampiga."

"Mahindi unayapeleka lini?"

"Kesho mjini. Kisha ng'ambo, shambani kwao."

Wote wawili walifikiri jambo lile lile, na aliyelisema ni Kitsao.

"Magunia ya nyuma ya ghala yana fukusi. Hayo yashushe dukani, ya mjini. Ya shambani yachague."

"Nitayachagua," akasema Kadii.